Gauni la Njano Lisilo na Bitana

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vifungo.

Jumapili, 7 Juni.

Mpendwa Chiriku wetu,

Salamu nyingi kwanza, maana nakujua: ukiona bahasha nene utaanza kulia kabla hujaifungua. Hakuna msiba. Mama ni mzima, anakula, anagomba, na bado anatusahihisha sote namna ya kukunja mashuka. Shemeji yako ni mzima pia isipokuwa mgongo, ambao siku hizi anautaja kwa heshima kama mkwe aliyekuja kukaa. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa mwaka jana, na hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Simu yako ina wasikilizaji wengi, na jambo lenyewe si la kuwekwa sauti ya juu.

Wewe hujambo? Na watoto? Huyo wa pili ameanza kusimama? Mtoto aliyezaliwa na kilo nne na nusu sitarajii atambae muda mrefu; atakuwa na haraka ya kufika jikoni.

Sasa, vipimo vyako vilinifikia. Magauni matatu, yote meusi, bitana mara mbili upande wa nyuma, na mfuko mpana wa ndani ambao hauonekani kwa nje. Karatasi hiyo ilikaa mezani kwangu siku mbili nikiitazama. Wewe uliyegoma kwenda shule siku nzima kwa sababu utepe wa nywele haukuwa wa njano. Na chini ya vipimo ukaongeza mstari mmoja tu, kwamba kwenye harusi ya binti yangu Desemba hutakuja, utatuma zawadi, maana safari ni ya saa kumi na basi halisimami ovyo.

Mdogo wangu, mimi ni fundi. Nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na sita na oda hiyo naijua kama nijuavyo kidole changu cha sindano. Huletwa na walimu, na wauza duka, na mke wa mtu mkubwa, na msichana aliyejifungua juzi. Kila mmoja huja peke yake, husema kwa sauti ya chini kwamba rangi nyeusi inampendeza, na huondoka akiamini yeye ndiye mwanamke pekee mjini anayeogopa kukohoa. Mimi nashona, siulizi. Tena nilijiona mstaarabu kwa kutouliza.

Na mimi mwenyewe nilijishonea manne. Ndiyo, dada yako huyu mwenye mdomo. Tangu yule wa mwisho azaliwe mkojo ulikuwa ukinitoka nikicheka, nikiinua ndoo, nikipanda ngazi kwa kujisahau. Watu husema mficha uchi hazai. Sisi tumezaa kwanza, ndipo tukaanza kuficha.

Nikusimulie nilivyofumaniwa. Mwaka jana nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mteja, muuguzi mmoja mrefu, napima pindo la gauni lake, pini sita mdomoni. Akaanza kisa cha daktari wao aliyesimamisha kazi nusu saa akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Nisingeweza kucheka na pini mdomoni, nikakibana kicheko, nacho kikatafuta njia nyingine. Nikafanya kile ambacho mwongo mzoefu angefanya: nikaangusha kopo la maji ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, lote, mapajani mwangu, kisha nikajisema kwa uzembe. Muuguzi akainama akanisaidia kupangusa. Siku aliyokuja kuchukua gauni lake aliacha kikaratasi juu ya meza. Kilikuwa na namba ya chumba hospitalini kwao, siku za Jumanne na Alhamisi, na chini ameandika: "Maji ya pasi hayana joto, fundi."

Kikaratasi hicho nilikificha kwenye kopo la vifungo wiki tatu. Ya nne nikaenda, nimevaa nyeusi.

Chumba chenyewe ni kidogo: kitanda, pazia, mpira mkubwa ambao nilikataa kuukalia, na juu ya kabati mifupa ya nyonga ya plastiki niliyodhani ni bakuli lililotoboka. Mtaalamu ni mwanamke mfupi wa umri wa kuweza kuwa binti yangu. Kazi yake ni tiba ya viungo, lakini yeye amesomea hasa misuli ya nyonga, na kutwa nzima anapokea watu wa shida hii. Nikamuuliza kama kweli wapo wa kutosha kutwa nzima. Akanionyesha benchi la nje. Chiriku, nilikuwa nimewashonea watatu kati ya wanne waliokaa pale.

Akateremsha lile bakuli, akaeleza kwamba kweli halina kitako. Kinachoziba chini ni misuli, imetandazwa kama kitambaa, na ndiyo inayobeba kibofu na mji wa mimba na vingine vyote. Ujauzito huilegeza, uzazi huivuta, na hakuna anayekuambia uirudishe. Tunaambiwa ndivyo uzazi ulivyo, basi.

Maswali yake sasa! Mara ngapi, kiasi gani, nikipiga chafya inakuwaje, na mambo ya chumbani yakoje. Nilimjibu yote huku nikiitazama mifupa. Halafu ikaja zamu ya kupimwa. Mimi ninayewaambia watu kila siku, "Nyoosha mgongo, pumua kawaida, usiingize tumbo," nikawa nimelala nimefunikwa shuka, nimeingiza tumbo mpaka mgongoni. Alinieleza kila atakachofanya kabla ya kukifanya, akaniuliza kama nakubali, akasema hata katikati nikisema basi, ni basi. Nikakubali kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Haikuuma. Kilichouma ni majivuno yangu, kama utakavyoona.

Maana nilikuwa nimemwambia kwamba mazoezi ya kubana nayajua. Niliyasikia saluni, nikayafanya miezi minane kwenye cherehani: kila mshono nabana, nashika pumzi, uso mwekundu kama nyanya. Shemeji yako alidhani nina hasira naye, akawa anaosha vyombo bila kuambiwa, nami nikaona nisimsahihishe. Basi mtaalamu akasema nimwonyeshe. Nikamwonyesha kwa bidii zote.

"Fundi," akasema, "unasukuma. Hivyo ndivyo mtu anavyozaa."

Miezi minane, mdogo wangu, nilikuwa nazaa hewa.

Akaniuliza zipu huwa inafungwa kutoka wapi kwenda wapi. Nikamjibu, kutoka chini kwenda juu. Akaniambia basi nifunge zipu, taratibu, na pumzi iende zake. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza, kitu kidogo kikipanda, dhaifu kama uzi wa mwanzo wa bobini ya cherehani. Kisha akasema niifungue yote, maana kubana bila kuachia nako kunaharibu. Lastiki inayovutwa mchana kutwa hulegea. Wapo wanaokwenda kwake kwa sababu ya kubana mno, na hao huwafundisha kinyume. Ndiyo maana mazoezi ya saluni si ya kuokota okota.

Sikupona kesho yake, nisikudanganye. Alinirudishia maji ya kunywa, ambayo nilikuwa nimejinyima, akanikataza kukimbilia choo "kwa tahadhari" kila nikipita mlangoni. Mwezi wa pili nililia, nikasema yamenishinda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudi Alhamisi. Nikarudi. Yapo yanayohitaji daktari, na hayo mtaalamu huwa hayang'ang'anii, anakuandikia uende. Langu lilikuwa la mazoezi na subira. Juzi nilipiga chafya tatu mfululizo katikati ya duka la vifungo, nikasimama nikisubiri kama mtu aliyesikia hodi. Hakuna aliyeingia. Kuruka kamba bado sithubutu, ila nani ameniomba niruke kamba?

Sasa nikwambie la Mama, kwa ruhusa yake. Unakumbuka kwenye sherehe zote alikuwa akisimama mlangoni? Tulikuwa tukimtania kwamba analinda viatu vya wageni. Na nguo zake nyeusi, tukasema ni haiba. Siku niliyomsimulia ya chumba kile tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ncha zake, mimi zangu. Nilijua atanigombeza kwa kuvua nguo mbele ya mtoto mdogo. Badala yake akasimama na shuka mkononi.

"Kwani ina dawa?" akauliza.

Nikamwambia mara nyingi inayo. Akalikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nimeozesha watoto wanne nimesimama mlangoni," akasema.

Hata siku yako, Chiriku. Ulipokuwa unaimba na sisi sote tunalia, aliyekuwa mbali kuliko wote alikuwa mama yako mzazi, karibu na choo.

Nilimpeleka Jumanne iliyofuata. Mtaalamu hakumwahidi usichana. Alimwahidi nafuu, na nafuu ameipata, tena kwa miaka yake sabini na tatu. Mpira mkubwa ule niliokataa mimi, yeye aliukalia siku ya kwanza, akaniambia niache uoga. Mwezi uliopita jirani alikuwa na harusi. Mama alikaa safu ya tatu, katikati, watu pande zote mbili, akala, akacheka, akamsema mpiga kinanda. Nilijifuta macho mpaka shemeji yako akaniuliza kama nimeingiwa na pini.

Kwa hiyo nakuomba, na nikikuomba ujue nakuamuru kwa adabu. Nenda hospitali ya huko uulize mtaalamu wa tiba ya viungo anayeshughulikia nyonga. Sema hivyo hivyo, bila kunong'ona. Akikujibu mtu kwamba ni kawaida ya uzazi, mshukuru, kisha mwulize mwingine. Tangu sasa mpaka Desemba ni miezi sita, na mimi minne ilinitosha kupanda ngazi bila kuomba dua. Na kama Desemba hujawa sawasawa, njoo hivyo hivyo. Mimi nitapanda basi mpaka katikati ya njia tulale hapo, kesho yake tumalizie kwa vituo vifupi. Dereva akinung'unika, mdomo ninao.

Kifurushi kinakuja na barua hii. Mawili ni meusi, bitana mara mbili, mfuko ndani, kama ulivyoagiza. Sitakunyang'anya fimbo kabla hujaweza kutembea. La tatu ni la njano. Hilo sikulitia bitana wala mfuko. Si lazima ulivae sasa. Litundike mahali utakapoliona ukifunga zipu yako, taratibu, kutoka chini kwenda juu.

Msalimie shemeji wa huko, mwambie kuosha vyombo hakujaua mume yeyote hapa. Wabusu watoto wote wawili, na huyo mzito mbusu mara mbili. Mwanao bibi harusi anakusalimu, anasema bila wimbo wako hatoki nje ya nyumba. Mungu akutunze unapocheka na unapopiga chafya, na akulete ukiwa mzima.

Akupendaye kwa futi na kwa inchi,
Dada yako.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mama ameingia akaliona gauni la njano mezani. Amelishika, amelipindua ndani nje, ametafuta bitana hakuiona. Kisha amekaa mbele yangu, amenyoosha mgongo, na kuniambia nilete futi nimpime na yeye.