Mjane wa Kwenye Televisheni

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima. Kitinda mimba wangu ameng'oka jino la mbele, na cherehani uliyoniachia inashona tena.

Jana tulitazama ile tamthilia ya mpelelezi, mimi, mama mkwe na wifi. Mpelelezi kamkamata mjane. Ushahidi wenyewe? Eti mama wa watu hakudondosha chozi siku ya kumzika mumewe. Mama mkwe akageuza shingo, akanitazama. Wifi naye akanitazama. Televisheni ikabaki haina mtazamaji.

Nikachukua rimoti, nikaongeza sauti.

"Hata wewe kwenye mazishi ya kaka yangu hukulia," wifi akasema.

"Sikulia," nikamjibu. "Nililia alipokuwa hai, na kati ya chumba chako na chetu ni ukuta tu. Ulikuwa unasikia. Mbona hukumwita mpelelezi?"



Nauli uliyosema utanitumia, acha kwanza. Nyumba hii nimeijenga na marehemu, siondoki. Tamthilia ikirudi Jumanne, nitakaa kiti kilekile cha mbele, na atakayetaka kunitazama anitazame vizuri.

Mdogo wako,
mwenye rimoti