Mwaka Niliponunua Maua

Jumamosi, 25 Aprili 1992

Sokoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mvua, upepo, vidole vimekufa ganzi. Matofaa ya mwisho kutoka chumba cha baridi, yamesinyaa kama mashavu yangu, na bado yameisha kabla ya adhuhuri. Mwaka jana barafu ya Aprili iliunguza maua nchi nzima, basi tangu wakati huo mwenye matofaa ndiye anayepanga bei.

Maman Kapinga, Mlubumbashi anayekaa Ixelles, hapa hapa Bruseli, hanunui kitu bila kugombana. Kaizunguka meza yangu mara tatu. "Eh, maman Zaituni, pomme moja quinze francs? Unauzisha pomme ao unauzisha motokari?" Kanuna. Kanunua sita, faranga kumi na tano kila moja.

Nimerudi nyumbani Etterbeek saa tisa. Magoti yananiwaka moto.

Jumapili, 26 Aprili

Mume wangu, Baba Idi, kanipeleka shambani kwa Monsieur Willem. Tumepita Auderghem, tukashika njia ya Tienen, saa nzima kwa gari. Mwaka wa sita sasa nanunua matofaa kwake. Mgane, Mflamandi, maneno yake ya siku yanaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Miti imeanza kuchanua.

Kwenye kahawa kanipa habari iliyonitibua. Serikali inawalipa watu wang'oe mitofaa. Nilimfanya arudie, nikidhani Kifaransa changu kimenitupa. Hapana. Eti Ulaya kuna matofaa mengi mno, bei haisimami, basi anayeng'oa analipwa kwa hekta. Yeye anaita la prime.

Miti inayozaa! Kwetu Buyenzi, pale Bujumbura, tofaa nililiona hospitalini, kando ya kitanda cha mgonjwa mwenye pesa. Mtu akikata mparachichi unaozaa, majirani wanauliza kama yuko timamu. Hapa analipwa.

Nikamuuliza kama na yeye ataing'oa yake. Akapandisha mabega. "Bah, madame Zaituni. Je suis vieux." Ndiyo jibu, kwamba amezeeka.

Njiani nilifoka mpaka koo likakauka. Baba Idi anasafisha maofisi upande wa Schuman, kwenye majengo ya hao wakubwa wa Ulaya. "Mama Idi, karatasi za mambo kama ayo mimi ninazizoa kila siku," akasema, "uchafu wake ni ule ule."

Alhamisi, 30 Aprili

Sijalala vizuri siku tatu. Nimepata la kufanya.

Nitanunua mavuno yote ya Willem sasa hivi, yakiwa bado maua. Nalipa kabla. Akishapata pesa mkononi, ang'oe kwa sababu gani? Miti itabaki. Na mimi vuli nitakuwa na shamba zima la matofaa ya Jonagold wakati wenzangu wanapanga foleni mnadani. Bei ikiwa kama ya mwaka jana, nitapata lile duka ninalolitamani, la barabara ya chaussée de Wavre, lenye mlango na hita, niondokane na mvua. Pesa ninazo. Ni akiba ya miaka sita.

Baba Idi kakataa. Dini yetu hairuhusu kuuziana tunda kabla halijaonekana kuwa limesalimika, kila mtu aliyekaa chuo cha Kurani anajua. "Unanunua kitu Mungu hajakiumba bado. Kisipokuja, huyo mzee atakuwa amekula pesa yako ya nini?" Nilimwambia benki zinafanya mabaya zaidi. Akaenda kusali. Nilimchukia kwa dakika kumi hivi.

Jumapili, 3 Mei

Nimelipa.

Willem kahesabu mara mbili, kanipa mkono, kanywa kikombe kidogo cha pombe yake, mimi kahawa. Nikamwambia, sasa miti hii haiguswi. "Oui, oui," akasema, "les pommes sont à vous." Matofaa ni yangu. Nilitoka nje nikatembea katikati ya mistari ya miti, nyuki kila upande. Nilijiona mtu mkubwa. Nimeokoa shamba la watu.

Jumanne, 12 Mei

Willem kasema kwa simu tusishangilie. Wakulima wa kwao wanaogopa siku hizi tatu za katikati ya Mei, wanaziita za watakatifu wa barafu. Zikipita salama, basi.

Kila alfajiri nafungua dirisha na kutoa mkono nje, kama vile barafu ya Tienen inaweza kupimwa Etterbeek. Baada ya sala nimemwomba Mungu aiepushe na shamba letu. Kisha nikaongeza, na kama ni lazima iteremke, iteremke kwa wengine. Nimeandika nilivyosema. Sifuti.

Ijumaa, 15 Mei

Zimepita. Hakuna ua lililoungua, si kwa Willem wala kwa mtu yeyote.

Jumapili, 28 Juni

Matawi yameinama. Willem anapunguza vitunda vidogo kwa mkono ili vinavyobaki vinenepe, na vilivyoanguka chini vinatosha kufunika kiatu. Nilifurahi mpaka tulipokuwa tunarudi. Shamba la kwanza njiani, matawi yameinama. La pili vivyo hivyo. La tatu wamefunga nguzo kuyashikilia.

Mungu kanisikia, na kawasikia wote. Baba Idi alikuwa anaangalia barabara. Nilihesabu mashamba yaliyojaa mpaka Auderghem, na kwa kila moja bei ikishuka kichwani mwangu.

Jumatano, 9 Septemba

Nimepiga simu mnadani kuuliza bei. Mwanamke wa pale kaitaja, nikadhani kakosea. Kairudia polepole, kama anaongea na mtoto. Aliongeza kwamba mizigo mingine haipati mnunuzi kabisa, inaondolewa sokoni ikatupwe, ili iliyobaki ipate thamani. Ufaransa, Uholanzi, Italia, kila mahali yamejaa.

Hasira sina. Nina woga.

Jumamosi, 26 Septemba

Tunachuma. Wachumaji wa kulipwa nimewaachisha siku ya tatu, kwa sababu ujira wa kuchuma kilo ni mkubwa kuliko bei ya kilo hiyo. Jambo hili nimelipiga hesabu mara nne na linatoka vile vile. Yaani tofaa likibaki mtini lina nafuu kuliko likiwa kikapuni.

Baba Idi kachukua likizo yake ya mwaka mzima ili aje kupanda ngazi. Hajasema neno la dini hata moja. Laiti angesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ningepata wa kugombana naye. Anachuma tu, anapangusa, anaweka.

Willem naye anachuma na sisi, na hakudai kitu. Ndiyo inayonichoma zaidi. Mzee aliacha pesa ya serikali kwa sababu yangu, na sasa mwakani hana mnunuzi wala malipo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Meza kumi na mbili za matofaa kwenye soko moja. Tunaangaliana kama wagonjwa kwenye chumba cha daktari.

Nimepanga mafungu makubwa kama tulivyokuwa tunapanga kwetu, watu wanapita wakidhani ni mapambo. Maman Kapinga kafika na kikapu na kicheko. "Bon, leo kilo mzima ni quinze. Donc ile quinze ya pomme moja nilikulipaka, unirudishie ile ingine." Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya gari nikalia kidogo. Nilimjazia kikapu.

Jumapili, 1 Novemba

Nusu ya mavuno iko kwenye chumba cha baridi. Nusu imebaki shambani, chini ya miti, na harufu yake ya siki inafika barabarani. Tumeacha kwenda.

Duka limechukuliwa na msusi. Nimepita leo nikaona kashaweka vioo vyekundu. Sikusikia uchungu niliotarajia. Uchungu wangu wote uko kwa Willem. Mimi nimepoteza akiba, nitaanza tena, meza ninayo. Yeye nimempotezea la prime, na kwa umri wake ule hana muda wa kungoja nyingine. Kiburi changu ndicho kilichokwenda kumwambia mtu asing'oe miti yake.

Sijampigia simu.

Jumapili, 17 Januari 1993

Bado sijapiga. Kila nikiushika mkono wa simu nasikia harufu ile ya siki. Baba Idi kanichoka. "Nenda uombe msamaha, mama Idi, halafu uachane nayo. Unatembea humu ndani kama una maiti."

Nimeandika Kifaransa changu kwenye karatasi na ninakisoma nikipika.

Jumapili, 7 Februari

Tumekwenda. Nilioka keki ya ndizi.

Hakuna mti. Hata mmoja. Yote imelazwa chungu mbili, mizizi juu, na trekta imeacha mistari mirefu ya matope mekundu. Nilijua mara moja kwamba njaa ndiyo iliyomfikisha hapo, kaing'oa mwenyewe bila kulipwa senti. Baba Idi kaniacha nilie kwenye gari kwanza.

Jikoni nikasema yote niliyokuwa nimeyakariri. Willem alingoja nimalize. Kisha akavuta droo na kuniwekea karatasi mezani, labda akidhani itanituliza. La prime imelipwa. Imelipwa Desemba. Sahihi yake na muhuri ni za Machi mwaka jana, mwezi mzima na zaidi kabla sijakanyaga pale nikiwa na hasira zangu. Masharti yake ni kwamba miti itoke baada ya mavuno ya mwisho, na mavuno hayo alikuwa huru kumuuzia amtakaye.

Hakuwa ananicheka. Alishangaa tu. Alidhani najua, kwani niliponunua sikuulizia mwaka unaofuata. Akakata keki.

Tulipofika Auderghem ndipo Baba Idi akafungua mdomo. "Lakini wewe ulimuuliza kama ameisha kusaini?" Sikumuuliza. Nilimwambia. Nilimwambia miti haiguswi, nikatoka nje nikaangalie nyuki.

Nina hasira, na sijui nimpe nani. Mzee hakudanganya. Nimefarijika pia, na faraja hiyo inanitia haya. Miezi minne nimebeba dhambi ambayo haikuwa yangu. Sikuokoa hata mti mmoja, wala sikuua hata mmoja. Ningekaa nyumbani ingekuwa vile vile, ila akiba yangu ingekuwepo.

Jumamosi, 13 Februari

Baridi kavu. Machungwa yanatoka, matofaa yanatoka kidogo. Makreti ya mwisho ya chumba cha baridi, wiki ijayo yataisha.

Kwenye saa nne nikamwona Willem anakuja baina ya meza, amevaa koti la kanisani. Miaka sita sijawahi kumwona mjini. Kachukua treni. Nikamuuliza kama ana shughuli Bruseli, akasema hapana, nyumbani, bila miti, asubuhi zimekuwa ndefu.

Akasimama mbele ya matofaa. Ni yake, aliyajua bila kuambiwa. Alichukua moja, akalipindua, akatazama kikonyo, akalirudisha akachukua jingine, kama mteja mgumu. Akachagua manne. Nilitaka kumpa bure. Akakataa, akauliza bei, nikamtajia ile ninayowatajia wote. Akafungua pochi na kulipa sarafu moja moja.

Nikaongeza tofaa la tano juu ya yale manne, kama ninavyowaongezea wateja wote. Akasema asante. Nikamwonyesha upande wa kurudi stesheni.