Majani ya Nyuma ya Banda

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, tena sana. Lile joto lililokuwa likinipanda shingoni hadi nalala miguu nje ya shuka limekwisha! Jirani mshonaji alinionyesha majani ya maua mekundu yaliyoota nyuma ya banda la sungura. Nachemsha, nakunywa asubuhi na jioni, makapi nawapa sungura. Na sikia: damu ya mwezi, niliyoiaga miaka mingi iliyopita, imerudi! Mama yako amekuwa mwari tena.

Ila sungura wananitia aibu. Majike hawajashika mimba tangu mwaka uanze. Dume lenyewe, yule Mzee, kazi yake kula na kusinzia. Jumapili anaingia sufuriani.

Mama yako

10 Machi

Mama kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itamkuta Mzee bado ana masikio. Usimchinje!

Unaijua kazi yangu hapa maabara: tunawalisha panya majike mimea, kisha napima vizazi vyao, ile mifuko ya uzazi. Baadhi ya mimea ina kitu kinachojifanya homoni ya kike, na mwili unadanganyika. Hata panya walioondolewa ovari, vile vifuko vya mayai, ambao kizazi chao kilipaswa kusinyaa, nakuta kimevimba na ukuta umenenepa. Na walio wazima wakila sana, mimba haishiki. Nadhani Mzee hana kosa.

Na mama, hiyo si hedhi. Damu ikirudi baada ya kukoma, lazima daktari akuangalie, maana ukuta ulionenepa hivyo unaweza kugeuka saratani. Huenda ni majani, huenda ni kitu kingine. Mimi napima panya, siwezi kukupima wewe. Acha hiyo chai, nenda hospitali wiki hii. Naogopa.

Bintiyo

28 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, ila umeniudhi. Nikavue nguo mbele ya daktari kwa ajili ya panya? Haya, tufanye hivi: sungura nimewanyima majani, mimi naendelea na kikombe changu. Wakishika mimba, nitakwenda.

Mama yako

4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usimwachie Mzee aamue uhai wako. Nina mama mmoja tu, na nakuhitaji. Nenda, nakusihi.

Bintiyo

22 Mei

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Nisamehe kimya. Asubuhi moja nilimkuta jike mweusi ananyonyoa manyoya ya kifuani, anatandika kiota: ana mimba! Nilikaa kwenye ndoo nikawaza. Kama majani yalimfunga yeye, mimi yamenifanya nini? Chai niliimwaga palepale, nikaenda hospitali na viatu vya bandani.

Ukuta wa kizazi ulikuwa umenenepa kweli. Walichukua kipande wakakipima. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka tukose usingizi sote wawili. Majibu yametoka leo: hakuna saratani. Damu imekoma, na daktari ataniangalia tena baada ya miezi michache. Aliniambia nimshukuru aliyenisukuma. Asante, mwanangu. Nililia njia nzima.

Jike mweusi amezaa, watoto wamejaa kiota kizima. Mzee nimemwomba radhi; alinisikiliza huku anasinzia. Likizo njoo uwaone. Mimi utanikuta nimelala miguu nje ya shuka, maana joto limerudi, na safari hii nimelikaribisha.

Mama yako, bibi wa sungura