Nilimwambia Baba Ndege ya Pili Inaruka Vizuri

Bibi Idella mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa garini nje ya nyumba ya baba yangu, injini nimezima, kila asubuhi nakaa hapa dakika ishirini hivi kabla sijapata nguvu ya kuingia, na leo nimeona badala ya kukaa bure nikuombe msaada, maana umekaa na watu wa ndege za rimoti kuliko mtu yeyote katika kaunti hii na najua hutanibembeleza. Tafadhali usitaje jina langu.

Baba ana miaka themanini na sita na mapafu yake yamekwisha. Kitanda chake tumekihamishia sebuleni, na mbele yake, juu ya meza mbili tulizounganisha, ipo ndege ya kivita aliyoijenga kwa majira tisa ya baridi, ubavu mmoja baada ya mwingine, kwa mti mwepesi na gundi na hariri, mfano wa ile aliyoondoka nayo kaka yake mkubwa wakati wa vita na hakurudi, hata namba ya mkiani ni ile ile. Haijaruka hata siku moja. Ilipokamilika, macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu na mikono inatetemeka, basi akasema itangoja. Kumbe inaningoja mimi, Bibi, mimi niliyefika miaka hamsini na mbili bila kushika rimoti, kwa sababu nikiwa mtoto niligusa bawa lililokuwa linakauka, akanifukuza kwenye chumba chake cha kazi, na sikuingia tena.

Daktari alipotuambia ukweli, majira ya kuchipua mwaka huu, nilikwenda uwanja wa klabu ya ndege hizi, kwa Burl anayefundisha wageni pale, nikamwambia anifundishe. Akanipa ndege ya kujifunzia, ile ya bawa juu ya mgongo, akasema, "Huyu ni farasi mzee, kijana. Ukichanganyikiwa, achia vijiti vya rimoti. Atajinyoosha mwenyewe." Nikajifunza hivyo hivyo, nikiogopa naachia, inajinyoosha, napumua, naendelea, na mwezi wa sita nikairusha na kuitua peke yangu mara tatu huku Burl ametia mikono mfukoni. Nikaendesha gari hadi kwa baba kama mwendawazimu. Nilipomsimulia akasema, "Sasa una mikono." Bibi, mimi ni mtu mzima mwenye mvi, na hilo ndilo neno zuri la kwanza kulisikia kwa baba yangu.

Kisha akaniambia nisiruke moja kwa moja hadi kwenye yake, nitafute kwanza ndege ya pili, ya katikati, yenye bawa chini ya tumbo, na nikiiweza hiyo basi Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, siku klabu inapofunga msimu, nitairusha ya kwake naye atakuwa pale kwenye kiti cha magurudumu.

Burl alinionyesha moja nene, mbaya, ya manjano. Mimi nikachagua nyekundu, nyembamba, yenye mabawa yaliyochongoka, kwa sababu ilifanana na ya baba, nikajiambia kwamba ukifanana umekaribia. Na kwa kuwa sikutaka kuonekana nikitetemeka, nilikwenda kuirusha Jumanne asubuhi peke yangu, ingawa kanuni ya klabu inakataza kurusha bila mwenzio. Ilipaa vizuri. Kona ya kwanza vizuri, ya pili vizuri. Kona ya tatu ikalala ubavu kuliko nilivyotaka, nikaogopa, na mikono ikafanya ilichofundishwa, nikaachia vijiti. Haikujinyoosha. Ilibaki imelala vile vile kana kwamba ndivyo nilivyoiamuru, pua ikaanza kushuka, nami nimesimama vidole hewani naisubiri inisaidie, hadi ikaingia kwenye shamba la soya.

Nilikusanya vipande kwenye gunia la chakula cha kuku. Unajua desturi ya pale, ukivunja ndege unaandika jina lako na tarehe kwenye pangaboi la mbele lililovunjika, unalitundika ukutani kwenye banda, watu wanakucheka, mnakula, yamekwisha. Mimi langu sikulitundika. Lipo ndani ya gunia, na gunia liko nyuma ya kiti changu hivi ninavyoandika.

Nilipofika, baba alikuwa macho. "Ilikuwaje?"

"Vizuri, baba."

"Imetua?"

"Imetua."

"Hukuachia vijiti?"

"Sikuachia."

Akafumba macho akitabasamu. Hiyo ni wiki tano zilizopita, Bibi, na kila siku ananiuliza, na kila siku namrushia angani ndege ambayo iko guniani, nimemwambia upepo wa kusini ulivyonisumbua, nimemwambia nilivyotua kwenye nyasi zenye umande, na jana alisema, "Bawa chini haina huruma, eh?" nikasema, "Haina, baba," akasema, "Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa." Dada yangu Maurine anawaambia watu kanisani kwamba nimempa baba sababu ya kuamka. Burl naye ananitania, "Ile nyekundu yako iko wapi, kijana, umeioa? Mbona huitoi nje?" Namwambia narekebisha mkia.

Sasa zimebaki siku kumi na moja. Muuguzi amesema tusiitegemee Jumamosi nyingine baada ya hiyo. Nikiirusha ya baba nitaivunja mbele ya macho yake, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikikataa, lazima niseme kwa nini. Nimefikiria kununua nyingine nijifunze haraka, nimefikiria kusingizia upepo, nimefikiria kumwombea alale kabla ya siku hiyo, na nilipojikuta naomba hivyo nikajua nimekwisha. Niambie ninunue ndege gani ya pili, Bibi, ingawa najua siyo hilo ninalokuuliza.

Ni mimi,
Niliyeachia vijiti

*

Wewe uliyemo garini,

Shuka kwanza. Umesema nisitaje jina lako na sitalitaja, lakini mtu anayekaa dakika ishirini kila siku mbele ya nyumba ile, kwenye gari la kijani lenye taa moja, usidhani majirani wanamwona ni kichaka.

Shule mimi sikuiona, hata jibu hili naandikiwa. Barua yako nimesomewa mara mbili, na ya pili niliomba isomwe polepole. Nilikuwa nakatakata vitunguu, kwa hiyo usijisifu kwamba umeniliza.

Nianze na ndege kwa sababu ndilo jambo dogo. Ulichagua kwa macho, na ndivyo wachaguavyo wajinga wote walioshuka juzi kwenye mgongo wa farasi mzee. Nimekaa ukingoni mwa uwanja ule miaka arobaini na mbili na sufuria zangu za maharage na nyama, na sijahesabu nyekundu zilizochongoka nilizoziona zikienda kulala kwenye soya. Ya pili chukua ile ile ya manjano aliyokuonyesha Burl. Bawa chini, ndiyo, lakini bawa nene, na upana wake uwe ule ule kutoka tumboni hadi nchani. Ncha nyembamba ukipunguza mwendo ndiyo ya kwanza kuishiwa na upepo, na hapo bawa moja linadondoka huku jingine linashangaa. Magurudumu yake yasimame mbalimbali. Na iwe mbaya! Iwe na sura ya kisanduku cha viatu, usije ukaipenda ukaogopa kuirusha. Burl ashike rimoti ya pili iliyofungwa kwenye yako, akunyang'anye ukianza upumbavu, na kona zako zote zipige juu, ardhi ikiwa mbali. Ile ya kwanza ilikuwa inakusamehe. Hii haikusamehe wala haikuchukii, inafanya ulichoiambia na inabaki hapo. Ukiilaza wewe, utaiinua wewe.

Ukifanya hivyo kwa msimu mzima, mwakani utakuwa mrushaji. Siku kumi na moja hazitoshi. Nilimwuliza Burl, bila kukutaja, akacheka, halafu akavua kofia akakuna kichwa. Kwa hiyo naye anajua. Ndege ya baba yako ni nzito na ina ncha nyembamba, na mikono yako inaachia. Hutaiweza. Nimelisema mimi ili usiendelee kulizungukazunguka ndani ya gari.

Sasa jambo kubwa.

Mume wangu Wendell alipolazwa mara ya mwisho, aliacha ndege yake juu ya rafu gerejini. Aliipenda kuliko sahani zangu, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Wiki ya pili ya hospitali rafu ikang'oka. Niliikuta sakafuni haina mgongo. Siku hiyo nilipofika kitandani akaniuliza, "Mzee mwenzangu yuko salama?" Nikamwambia yuko salama, namfuta vumbi. Nilijiona mwema. Siku nane alinisimulia ndege ile, nitamkabidhi nani, wasibadilishe injini, waiangalie bawaba ya kushoto, nami naitikia, ndiyo Wendell, sawa Wendell. Akafa akinipa wosia wa kitu ambacho nilikuwa nimekifagia.

Miaka kumi na tisa imepita. Watu wananiambia nilimpa amani. Amani gani? Siku nane za mwisho yeye alikuwa anazungumza na ndege na mimi nilikuwa nazungumza na uongo wangu, wala hatukuwa pamoja chumbani mle. Zile siku nazitaka. Hakuna wa kunirudishia. Wewe zako bado ziko ndani ya nyumba hiyo, na unakaa nje unazitazama kupitia kioo cha gari.

Na halafu, mwanangu, hebu tumia hicho kichwa. Mtu amejenga ndege tangu hujazaliwa. Kila siku anakuuliza swali lile lile moja, hukuachia vijiti, hukuachia vijiti. Haulizi rangi, haulizi injini. Wewe unadhani anauliza kwa kuwa hajui? Labda hajui. Mimi simo kifuani mwake. Lakini wanaume waliookota ndege zao mashambani nawafahamu mmoja baada ya mwingine, na wanaijua sauti ya mwenzao aliyevunja hata akiwa anaagiza kahawa. Huenda wiki tano hizi amekuwa akikufungulia mlango, na wewe kila siku unaufunga kwa adabu.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo kabla ya chakula cha mchana. Chukua gunia. Ingia nalo. Maurine akiuliza ni nini, mwambie ni kuku, atoke. Mimina vipande juu ya blanketi la baba yako, vyote, na majani ya soya yaliyokauka humo, usivipange. Usianze na samahani. Mwambie, "Baba, niliachia vijiti." Kisha nyamaza. Kunyamaza kwenyewe ni kazi, shika ukingo wa kitanda.

Atakasirika. Anaweza kukufukuza kama alivyokufukuza ukiwa mdogo. Safari hii usitoke. Wewe sasa ni mkubwa kuliko mlango. Kaa pale hadi mkono wake uanze kupapasa vile vipande, maana utapapasa, mkono wa mjenzi hauwezi kuacha ubavu uliovunjika bila kuugusa. Vidole vyake vitasoma bawa lile vizuri kuliko macho yalivyowahi kusoma. Akikwambia ulikosea wapi, sikiliza. Akitaka gundi, mpe gundi, hata kama mikono inatetemeka, hata kama shuka zitaharibika. Shuka nitakuletea mimi. Na lile pangaboi liandike jina lako na tarehe ya kweli, ulipeleke bandani. Watu watakucheka. Nitacheka mimi kwanza, na mimi ndiye mwenye sauti kubwa.

Jumamosi ikifika naye yupo, mpelekeni. Ndege yake ikae kwenye nyasi, Burl aishikilie mkia, na rimoti muweke mapajani mwa mzee mwenyewe, kidole chake kwenye kijiti cha moto wa injini, aiwashe, aisikie injini yake. Majira tisa ya baridi na hajawahi kuisikia ikinguruma nje! Kisha wewe mrushie farasi mzee, mizunguko mitatu, utue. Hiyo unaiweza na siyo uongo. Ndege ya kaka yake huenda isipae akiwa hai. Sina dawa ya hilo, na anayekuambia anayo anakudanganya kama ulivyomdanganya baba yako.

Ila akishajua kila kitu, akiisha kushika vile vipande kwa mikono yake, bado anaweza kukutazama akasema, "Irushe. Ivunjike ikivunjika." Mimi namjua mzee yule, anaweza. Akisema hivyo, usibishane naye, wala usimtafutie upepo wa kusingizia. Ni ndege yake, ni kaka yake, na ni Jumamosi yake. Simama karibu na kiti chake, pembeni kabisa, bega liguse bega, uirushe.

Na kona ya tatu itakuja. Bawa litalala kuliko ulivyotaka, na utaogopa, na baba yako atakuwa anakusikia unavyopumua. Usiachie.

Bibi Idella