Kwa Khalfani, Ambaye Niliomba Asisamehewe Kwanza

Kwako ndugu yangu wa tumbo moja, Khalfani,

Wameniambia kwamba barua zinazoingia huko wodini husomwa na wauguzi kabla hazijakufikia. Nikaona kama ni ya kusomwa, basi na isomwe na kila mtu. Labda atatokea mmoja mwenye ndugu kama wewe aniambie kama nimefanya sawa au nimekosa, maana mimi mwenyewe sijui. Nikiamka alfajiri nina hakika kabisa. Nikifika kazini kwangu, mtaa wa Ruwi, kabla sijakaa kitini, hakika yenyewe imeshaniponyoka.

Unakumbuka siku ulipofungua AC zote za nyumba? Mama alikuwa hai bado, na joto lilikuwa lile la mwezi wa saba ambalo hata paka hatoki nje. Ulianza na ya sebuleni, ukaja ya chumbani kwangu, na mimi nikakushikia bisibisi nikidhani unasafisha. Ukabandika sikio lako ukutani. Halafu ukaniuliza taratibu, "We huwasikii?" Nikakujibu kwamba nasikia feni tu. Ukaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Mchana ule ule akaingia Bi Zuwena, jirani yetu na shoga yake mama, akakuta vifuniko na skrubu zimetandazwa juu ya mkeka. Mama hakupepesa jicho. Akamwambia unazisafisha, umejifunza kazini. Bi Zuwena akafurahi mno, akasema na zake zimejaa vumbi, uende ukamfanyie hisani. Na wewe ukaenda! Ukazisafisha zikapoa kuliko zetu, ukarudi na sahani ya vitumbua. Tulicheka mimi na wewe mpaka mama akatufukuza jikoni. Sijui tulikuwa tunacheka nini. Mimi nilikuwa nacheka kwa hofu, na nadhani na wewe pia.

Mama hakuwa mwongo, alikuwa anakusitiri. Alikupeleka kwa mwalimu akakusomea, na alikupeleka hospitali vile vile, ila huko alivaa miwani ya jua na kukaa kona ya mwisho. Ulipomeza dawa ulirudi kuwa wewe. Ulikwenda kazini kwako kwenye bohari la vipuri kule mtaa wa Ghala, ukawa unanitania kwamba wali wangu unaweza kuziba ufa wa ukuta. Ukishapona ukawa huoni haja ya dawa, ukaacha, na wale watu wa kwenye AC wakarudi. Mara mbili tulikubembeleza ukakubali kulazwa kwa hiari yako. Na mara mbili Ami Seif alikuja kukutoa kabla daktari hajamaliza, akisema mtoto wa kaka yake hawezi kulala na wendawazimu. Ami anakupenda, hilo silikatai. Alitulea tangu baba alipofariki na hakuna aliyethubutu kututolea neno baya mbele yake. Lakini kupenda kwake kote ni kukutoa.

Mengine yalitokea baada ya mama kutuacha. Sijui kama unayakumbuka sawasawa, kwa hivyo nitayasema mara moja tu. Alasiri moja ulikwenda kwa Bi Zuwena na bisibisi yako, ukataka kufungua AC ya chumbani mwake. Safari hii hakuwa amekuita. Akakuzuia mlangoni, ukamsukuma, akaanguka, mkono ukavunjika. Mfanyakazi wake akapiga simu polisi. Ulipofikishwa mahakamani hakimu hakuhitaji kuangalia mara mbili. Akaamuru uwekwe katika wodi ya ulinzi, utibiwe, na madaktari waandike kama siku ile ulijua unalolifanya.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwa nalia kwa huzuni, na chini ya ile huzuni kulikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyonitisha. Kwa mara ya kwanza ulikuwa nyuma ya mlango ambao Ami Seif hawezi kuja kuufungua.

Kumbe alikuwa nao ufunguo. Wakili akatueleza kwamba kesi kama yako inaweza kufutwa kwa tanazul, yaani aliyeumizwa akitia saini kwamba amesamehe na hadai kitu. Bi Zuwena akitia saini, kesi inakwisha, na amri ya kukuweka huko inakwisha pamoja nayo. Unarudi nyumbani, uwe umepona au hujapona. Ami akafurahi. Akapanga kwenda kuomba kama wanavyoomba watu wenye heshima zao: wazee watatu, makanzu meupe, halwa, na kahawa ya mwenye nyumba isiyoguswa mpaka ombi likubaliwe. Wewe unajua ada hiyo inavyokaba. Nani atakubali wazee watoke nyumbani kwake na vikombe vimejaa? Na nani atamkatalia mtoto wa mama yetu, katika mtaa huu?

Mimi nikawahi kabla yao. Niliingia kwa Bi Zuwena kwa mlango wa jikoni, nikamkuta amekaa, mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Nikambusu kichwa. Nikamwomba asitie saini. Nikamweleza habari za dawa, za kutolewa mara mbili, nikamwambia safari hii ukitoka kabla hujatengemaa, atakayeangushwa huenda asiinuke. Aliniangalia mpaka nikatazama chini.

"Watu huja kuniomba nisamehe," akasema. "We waja kuniomba nisisamehe?"

Nikasema ndiyo, kwanza.

"Mamako angekuja kwa mlango wa mbele kuniomba namna nyengine."



Wazee walipofika nilibaki jikoni. Nilisikia Ami akisema maneno mazuri kweli, mpaka mimi mwenyewe nikataka kukusamehe. Halafu nikamsikia Bi Zuwena akiwajibu kwamba moyoni ameshakusamehe tangu ulipokuwa unamsukuma, kwa sababu umekulia mikononi mwake, lakini saini ataitia siku atakayoona mwenyewe. Akawakaribisha kahawa. Hakuna aliyenyanyua kikombe. Mfanyakazi alivirudisha jikoni vimepoa, nikavimwaga mimi. Baadaye Bi Zuwena akanishika mkono kwa ule wake mzima, akaniambia, "Mimi mambo ya madaktari siyajui, mwanangu. Siku ukinambia n'tie, n'tatia."

Tangu siku ile Ami hanisemeshi zaidi ya salamu. Hakuuliza kama mimi ndiye niliyemzuia Bi Zuwena, na sikumwambia.

Huko uliko nako kunanichanganya. Mlango una kufuli mbili lakini mapazia ni ya maua. Askari anaangalia mpira kwenye televisheni pamoja na watu anaowalinda. Siku moja niliwaita wagonjwa, askari akacheka. Nikawaita wafungwa, muuguzi akanuna. Ziara za mwanzo ulikuwa umevimba kwa dawa, ulimi mzito, ukinitazama kama mtu anayesubiri basi. Nikasema nimemuua ndugu yangu kwa mikono yangu. Nikatoka na uamuzi wa kwenda moja kwa moja kwa Bi Zuwena kumwambia atie saini, nikafika mpaka mtaani kwetu, nikapita nyumba yake, nikapita na yetu, nikaenda kukaa maegeshoni kwenye duka la vyakula mpaka adhana.

Kisha ikaja ziara ya juzi. Umepungua uvimbe, umenyoa, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kuulalamikia wali wangu. Moyo wangu ukatulia. Nilikuwa nakusanya vyombo uliponishika mkono.

"Dada, Bi Zuwena mkono wake umepoa?"

Nikakwambia unaendelea vizuri.

"Mwambie anisamehe. Aliyemsukuma mimi. Siyo wao, mimi."

Nilimweleza daktari, akafurahi, akasema hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyasubiri, kwamba sasa unaanza kujua lako ni lipi na la ugonjwa ni lipi, ila bado kuna miezi ya kazi mbele. Nilimweleza wakili, akashtuka, akanikataza nisiyarudie kwa mtu (na hapa nimeshayarudia), kwa sababu yote tunayoyategemea kwa hakimu ni kwamba siku ile hukujua. Basi nimshike nani? Mmoja anasema unapona kwa sababu umekiri, mwengine anasema utaangamia kwa sababu hiyo hiyo. Na mimi niliyemwambia kila mtu kwamba aliyemsukuma Bi Zuwena ni ugonjwa, sasa wewe mwenyewe unaniambia siyo. Nimekuwa nikimpigania mtu ambaye hakuwepo, Khalfani, au ulikuwepo siku zote na mimi ndiye niliyekufuta?

Juzi hiyo hiyo jioni nilikwenda kwa Bi Zuwena. Bandeji wameshaitoa, mkono umekonda, vidole havikunji vizuri, hawezi kukanda unga. Nilikuwa na maneno yako mdomoni. Nilijua nikiyatoa tu ataagiza karatasi kabla sijavaa viatu, maana hilo ndilo alilokuwa akilingoja: si wazee, si halwa, wewe. Na kesho yake Ami angekuwa getini huko wodini na gari.

Akaniuliza hali yako, nikasema hujambo. Akaniuliza kama unakula, nikasema unakula na unatukana wali. Akacheka. Kisha akaanza kuvikunja vile vidole kimoja kimoja, bila kuniangalia.

"Hajaniuliza?"

Nikamwambia, "Bado, Bi."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na vidole vyake. Ulikuwa umeuliza, ndugu yangu. Umevunjiwa maisha yako vipande vipande, na kilichokuja kukurudia mwanzo kabisa ni mkono wa Bi Zuwena, na mimi nimekwenda kumwambia yule mzee kwamba hukumkumbuka.

Nakuaga hapa kwa leo. Meza dawa, kula hata kama chakula ni kibovu, na ukisikia watu waite wauguzi, usiwajibu. Ijumaa nitakuja, na kama barua hii itakuwa bado mikononi mwa wauguzi, najua utaniuliza kama nimefikisha.

Mimi,
dada yako.