Mishono Mitatu ya Suruali ya Mzee Haruna

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaikum, na shikamoo. Kabla hujauliza: ndiyo, ninakula, na ile kofia uliyonishonea naivaa kila Ijumaa. Goti lako linaendeleaje? Mvua imewafikia huko Ujiji? Huku milio ya bunduki ilisikika upande wa Gasenyi wiki iliyopita, lakini sisi tuko salama. Usiwasikilize sana wasafiri, wanaongeza chumvi.

Habari kubwa ni ya Mzee Haruna, fundi aliyenipokea na kunifundisha cherehani. Alikuwa na uvimbe tumboni, ikabidi apasuliwe. Tulimsindikiza hospitali mimi na mkewe, Mama Zubeda. Daktari akatundika kwenye taa picha za skana, zile zinazoonyesha mwili kama mkate uliokatwa. Akaweka rula kwenye nyama ya mgongo, kando ya uti, akapima, akapima tena.

"Nyama ni kidogo," akasema. "Mutu akiwa hivi, kidonda hakifungi vizuri, anaweza hata asiamuke. Mzee, we uko mwembamba tangu zamani, ao umekonda sasa?"

"Mi niko hivi tangu zamani. Angalia pantalo, iko inanienea sawasawa."

"Ni kweli, dogiteri," Mama Zubeda akasema. "Mi namufulia, ningeona."

"Kama ndiyo mwili wake wa siku zote, tutamupasua wiki hii."

Mama, suruali ile ilimwenea kwa sababu yangu. Kila Ijumaa Mzee huvaa kanzu pale dukani kwetu tunaposhonea aende msikitini, suruali anaiacha kwenye msumari. Baada ya Ramadhani niliona inampwaya, nikaingiza mshono kidogo, asijue. Baadaye nikaingiza tena. Mara tatu. Vita vimetukondesha wote, nikajiambia, na mtu mwenye fahari kama yule kwa nini akumbushwe kila asubuhi? Wewe hutuambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya mwenzangu, tena bila kumwomba ruhusa.

Nikaona haya, lakini nikasema. Mzee akafunikwa shuka la hospitali, nikaigeuza suruali ndani nje mbele ya daktari. Mistari mitatu ya uzi, mmoja nyuma ya mwingine. Akaweka rula yake ile ile juu ya mishono.

"Hii yote tangu Ramadhani?"

"Ndiyo, daktari."

Akazishusha picha. "Basi hatupasui sasa. Kwanza ale, atembee."

Mzee hakunitazama mpaka tulipofika nyumbani. Pale mlangoni akaniambia, "Sudi, ulinipima na macho, kisha ukaninyamazia. Fundi hafanyi hivyo." Usiku huo sikula.

Kwa wiki sita Mama Zubeda alimlisha mayai, maharage, maziwa na samaki wa mukeke, hata alipolalamika kwamba ananoneshwa kama mbuzi wa Idi. Mimi nilimtembeza mpaka Ngagara na kurudi, ameshika bega langu. Siku za risasi tulizunguka uani, Mama Zubeda akihesabu mizunguko kwa tasbihi. Siku moja Mzee akaniletea suruali mwenyewe, akasema, "Fungua mushono moja." Nikaufungua huku machozi yananitoka, naye akajifanya haoni.

Picha za pili zilionyesha nyama haijarudi yote, ila daktari alisema inatosha kujaribu. Amepasuliwa. Leo ni siku ya kumi na mbili, kidonda kinafunga, na jana alimfokea Mama Zubeda kwa sababu ya uji usio na sukari. Tumshukuru Mungu.

Nisalimie kaka Ramadhani na mkewe, shangazi Tatu mwenye maneno yake, na mwalimu wangu wa madrasa kama bado ananikumbuka.

Mama, barua zako zote zinasema "mimi mzima wa afya". Mwajuma, mfanyabiashara wa vitenge anayekuletea hii, nimempa kipande cha uzi mweupe. Uzungushe mkononi juu ya kiwiko, ufunge fundo pale unapokutana, umpe anirudishie. Usiukaze wala usiulegeze. Vipimo vya gauni lako la Idi ya mwaka juzi, hata cha mkono, ninavyo bado kwenye daftari.

Mwanao anayekuomba uzi huo kuliko kitu kingine chochote,

Sudi