Manowari ya Babu Haifiki Kivinje

Rasbura, Lindi. Jumapili, baada ya alasiri. Mvua imekatika, mabati bado yanadondoka.

…na ndiyo maana nilisema ile penseli nyekundu ningeitupa baharini. Jana nilikuacha njiani, daftari langu, maana machozi yalikuwa yanatia doa ukurasa. Leo naweza kueleza. Leo nina furaha ya mtu aliyetoka kwenye homa, anayeona hata chai ina ladha mpya.

Nianze na mume wangu, maana siku hizi kila kitu naanza naye. Hii ni wiki ya saba tangu tuoane, na bado nikisikia baiskeli yake uani moyo unaruka kama mtoto aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani. Salum ni mchoraji katika ofisi ya ujenzi ya serikali. Mchana anachora madaraja na vyoo vya shule. Akirudi, akishakunywa chai, anatandaza karatasi kubwa juu ya meza yetu ya kulia, anachonga penseli kwa wembe, kisha anachora manowari.

Ndiyo, manowari. Na mwenye kuiagiza ni babu yangu.

Kwetu Kilwa Kivinje babu ni mtani wa mjukuu wake. Tangu nilipokuwa mdogo Babu ananiita "mke wangu," na siku ya harusi alifanya kama babu wote wanavyofanya: alikaa kizingitini, akaikingamisha bakora yake mlangoni, akamzuia bwana harusi asinifikie. Kwa kawaida babu hupewa kilemba chake, noti moja au mbili, watu hucheka, njia ikafunguka. Babu akaitazama ile noti, akairudisha.

"Hiyo kanunulie sabuni. Mke wangu humchukui kwa karatasi. Nataka manowari."

"Ya namna gani, Babu?" akauliza Salum, uso mkavu kabisa.

"Ya dohani nne. Na usije ukaniletea mtumbwi ukaniambia ndiyo manowari. Mimi nazijua."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, vigelegele vikapigwa, bakora ikaondolewa. Sisi wengine tuliusahau utani ule kabla pilau haijapoa. Salum hakuusahau. Siku ya tatu ya fungate, wakati bwana harusi anatakiwa asiwe na kazi nyingine duniani ila kumtazama bibi harusi, alichukua karatasi iliyofungiwa sukari akaanza kuchora. Somo wangu, kungwi aliyenifunda, alichungulia, akanivuta pembeni. "Mwanangu, huyu mumeo mzima?"

Ni mzima, Somo. Ni mzima kuliko wote. Ni Mmwera wa Milola aliyekulia katikati ya mihogo na korosho, aliyeona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo hajaacha kuishangaa. Ana kitabu cha zamani cha meli za vita, jalada lake limeliwa na mchwa. Anakipenda karibu kama anavyonipenda mimi. Nasema karibu.

Tulikubaliana tuseme hivi: ni miaka hamsini iliyopita, Babu ni kijana, na Kilwa ina wanamaji wake yenyewe. Je, Kilwa ingeagiza meli gani? Salum akachagua kruza ya deraya, yaani manowari ya mbio, iliyovikwa mkanda wa chuma ubavuni. Jioni baada ya jioni nilijifunza pembeni yake. Nilidhani kubuni meli ni kuongeza tu, mizinga hapa, chuma pale. Kumbe ni kunyimana. Ukizidisha unene wa deraya, meli inakuwa nzito, mbio zinapungua. Ukitaka mbio, uongeze boila. Boila zinataka makaa, makaa yanataka nafasi, na nafasi ile ulishaiwekea risasi. "Kila kitu kinaomba kwa mwenzake," Salum aliniambia, na mimi, ambaye wiki hiyohiyo nilikuwa nimehamisha vitabu vyake ili sufuria zangu zipate rafu, nilimwelewa sana.

Ilikuwa nzuri, daftari langu. Futi mia nne na arobaini. Dohani nne, yale mabomba ya moshi, zimelala nyuma kidogo kama mtu anayekimbia upepo ukimpiga usoni. Mzinga mkubwa mbele, mkubwa nyuma, midogo ubavuni. Mbio zake maili ishirini na tatu za baharini kwa saa. Ubavuni, kwa herufi zilizonyooka kama za chapa, aliandika jina langu: ZUHURA. Nilipoliona nilikaa chini.

Ijumaa ikaja barua ya Mama.

"Jicho moja la Babu sasa ni giza," aliandika, "na la pili limeanza ukungu. Daktari amelitazama, hakuahidi kitu. Kila siku anaulizia manowari yake, sijui ni utani au ni kweli. Mwanangu, njooni angali anaona."

Jana mchana, Salum akiwa kazini, niliisoma ile barua tena nikiwa nimeketi mbele ya mchoro. Ulikuwa umebaki wino kidogo tu kukamilika. Ndipo nilipoona alama ndogo chini ya tumbo la meli: inazama majini futi ishirini na sita, yaani bila kina hicho haielei.

Futi ishirini na sita!

Salum bahari anayoijua ni ya hapa Lindi, ambako meli zinaingia na kutia nanga tukiziona. Hajaona Kivinje maji yakikupwa. Wakati wa fungate alifungiwa ndani nami, ataonaje? Kwetu bahari ikiondoka inaondoka kweli, inaacha tope hadi macho yachoke, na wanawake wanakwenda kuokota chaza mahali ambapo alfajiri palikuwa na maji ya kumfunika mtu. Meli ya Salum ingekwama mbali sana. Kutoka ufukweni ingeonekana kama kijiti cha kiberiti.

Hapa ndipo nilipofanya lile jambo. Penseli yangu nyekundu ilikuwa mezani na madaftari ya wasichana wangu wa darasa la nne. Nikaichukua. Nikazungushia duara ile alama, nikaandika: "Kosa. Kivinje maji yakikupwa ni magotini. Haifiki." Nikapiga mstari chini ya neno "kosa". Mistari miwili.

Kwenye wino wake. Kwenye kazi ya wiki saba. Kama daftari la mtoto.

Wallahi sikuona ubaya wowote mpaka alipoingia akaona. Alisimama kidogo, akafunika chupa ya wino, akachukua kofia yake akaenda kuswali alasiri. Hakurudi baada ya swala. Nilipika, nikaepua, nikafunika. Nilikaa nikiwaza kwamba wiki saba ni chache mno kwa mtu kugundua kuwa ameoa mwalimu.

Alirudi karibu na magharibi. Akasimama mlangoni.

"Magotini mwa nani?" akauliza.

"Nini?"

"Umeandika maji yako magotini. Magoti ya nani? Yako au yangu? Mchoraji anahitaji kipimo, Mwalimu."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, jambo baya sana usoni. Nikamwomba radhi. Akasema kilichomuuma si penseli, kilichomuuma ni kwamba nilisema kweli, naye hakuwa na pa kujitetea. Kisha akaniuliza kwa nini ni lazima ifike ufukweni. Manowari ngapi zinafika ufukweni? Si kazi yake kukaa mbali?

Ikabidi nimwambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Babu alipokuwa kijana alikwenda Unguja akapata kibarua cha kupakia makaa kwenye manowari. Alibeba vikapu, akashuka mpaka chini kwenye moto, akaona mizinga kwa macho yake. Aliporudi Kivinje akasimulia. Siku moja meli ya namna hiyo ikapita, na Babu akawaita watu, "Ile pale! Ile niliwahi kuipanda!" Watu wakatazama, wakaona kijiti chenye moshi. Wakamcheka. Tangu siku hiyo jina lake mtaani likawa Manowari, na maana yake, kila mtu aliijua, ni muongo. Akisema samaki ni mkubwa, watu wanauliza, "Mkubwa kama manowari?" Miaka hamsini.

Na mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Watoto walikuwa wakiimba nyuma yake, "Babu Manowari, leo umepanda ipi?" na mimi niliimba nao, nimejificha nyuma ya wenzangu ili asinione. Aligeuka. Sijui kama aliniona. Hajawahi kusema, na mpaka leo ananiita mke wangu.

Ndiyo maana ni lazima ifike, daftari langu. Mlangoni pale, na bakora yake, wote walisikia utani. Mimi peke yangu nilipaswa kusikia mengine, kwamba mtu aliyeitwa muongo anaomba shahidi wake, na sikusikia.

Salum aliugeukia mchoro wake. Nikaona nimsaidie, nikasema maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilisema labda tuuchukue mchoro kama ulivyo, tufute wekundu. Ni mzuri. Kuanza upya kutachukua siku nyingi, na jicho la Babu halisubiri. Isitoshe haoni vizuri. Hatajua.

"Zuhura," alisema, na huwa haniiti jina langu isipokuwa akiwa hafanyi mzaha. "Mtu ameitwa muongo miaka hamsini, halafu sisi tukamdanganye?"

Nimeolewa na nani huyu? Nimefanya nini katika maisha yangu hata nikastahili?

Basi leo tangu asubuhi, na mvua ikituziba masikio, tumeanza upya. Tukaanzia kwenye maji badala ya mizinga. Nilisimama sakafuni nikamwonyesha kwa mkono: maji makuu ya bamvua yanazidi kimo changu mara mbili, yakikupwa ufukweni hayapo kabisa. Akasema haiwezi kuzama zaidi ya futi kumi na moja. Halafu akaanza kukata, na kila alipokata nilisikia kama ananinyofoa mimi. Mzinga wa nyuma ukaondoka. Deraya ikawa nyembamba, nusu ya ile ya kwanza. Makaa yakapungua. Tumbo likapanuka na kuwa bapa kama sinia, na mbio zikashuka hadi maili kumi na tatu.

"Hii si kruza tena," alisema akijikuna kichwa kwa penseli. "Hii ni pantoni yenye hasira."

Akataka kufuta na dohani mbili, kwa kuwa boila zilizobaki hazina haja nazo. Hapo nilikataa. Babu alisema nne. Salum akatafakari, kisha akanikumbusha nilichomsimulia, kwamba kule chini kwenye moto watu walianguka kwa joto wakapandishwa juu kwa kamba. Akazifanya zile dohani mbili za ziada ziwe njia za hewa safi, zinashuka moja kwa moja mpaka kwa wabeba makaa. Sijui kama kuna meli ya namna hiyo duniani. Ya Babu iko hivyo.

Tulipofika mwisho nikauliza swali ambalo lilinitisha kidogo. Bamvua inaileta meli mpaka karibu na nyumba zetu, sawa. Maji yakiondoka je? Salum akachora mstari wa tope chini ya lile tumbo bapa, akalitazama, akaanza kutabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Inakaa," alisema. "Inakaa wima kwenye tope, kama sufuria mezani. Haiendi popote mpaka maji yarudi."

Jemadari yeyote wa bahari angecheka mpaka avunjike mbavu. Manowari iliyokwama matopeni saa nne asubuhi, adui akija ataikuta imekaa tu! Lakini mimi niliona kitu kingine. Niliwaona watu wa Kivinje, wote, na wale waliozeeka wakicheka, wamepandisha nguo zao, wanatembea kwenye tope mpaka kwenye ile meli. Wanaweka viganja vyao kwenye chuma.

Saa nane Salum alikwenda dukani kwa Mhindi, akarudi na kitambaa cha marekani yadi nne. Karatasi ni ndogo mno kwa jicho lenye ukungu. Tumeitandaza sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta, tumesogeza meza nje barazani, na sasa hivi ninapoandika yuko sakafuni kwa magoti, anapiga mstari wa kwanza kwa wino mzito, mpana kama kidole. Babu ataweza kutembea kutoka tezi hadi omo, nyuma mpaka mbele. Nimeombwa nikashike uzi upande wa pili, na ninachelewa kwa sababu yako.

Jina bado ni langu. Babu atasema ni mke wake. Waamue wenyewe.

Ninachokiogopa nikitaje: barabara. Mvua zikizidi, mto Mbwemkuru utafurika na lori zitakaa upande huu siku nyingi, na ukungu hautasubiri mto. Na ninaogopa lingine, dogo zaidi. Nikifika, kabla marekani haijakunjuliwa, nimwambie Babu kwamba siku ile nyuma ya wale watoto nilikuwa mimi. Nadhani anajua. Nitamwambia hata hivyo.

Barua kwa Mama nimeshaifunga, kesho inaondoka na lori la posta. Nimeandika mistari mitatu tu. Mwambie Babu manowari yake inaondoka Lindi. Mwambie inakwenda polepole kwa sababu imetengenezwa ifike. Mwambie alitunze hilo jicho, amwite kila aliyewahi kumcheka, tukutane ufukweni: mwezi huu hautaisha mimi na mume wangu hatujafika Kivinje.